Maswali ya BASIC: faili moja limejaa, tufanyeje?

Tangu shule zifungwe, simu yangu haipumziki. Vijana wanaojifunza BASIC, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wananitumia maswali, na karibu yote yanazunguka jambo moja: programu imerefuka, wameigawa katika mafaili mawili matatu, na tangu waigawe haiwaki tena. Nimechagua machache. Wengi wenu mnatumia FreeBASIC, kwa hiyo nisipotaja nyingine mjue nazungumzia hiyo.

*Shikamoo mwalimu. Nimemwandikia baba programu ya hesabu za samaki, tuna duka Langoni. Imefika mistari 700 na bado naongeza. Rafiki yangu anasema kila SUB lazima iwe na faili lake. Ni kweli?* (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lamu)

Marahaba mwanangu. SUB ni kipande cha programu chenye jina na kazi yake, na huyo rafiki amekuzidishia dawa. Mistari 700 kwa kompaila, yaani ile inayogeuza maandishi yako kuwa programu, si kitu, itaimeza kabla hujapepesa macho. Anayechoka ni wewe, unayepanda na kushuka ukitafuta ile sehemu ya risiti.

Weka kompyuta kando, chukua karatasi, uandike kazi ambazo programu inafanya: kukokotoa bei, kuandika risiti, kuweka madeni kwenye diski, kuonyesha menyu. Kisha jiulize baba hubadilisha nini mara kwa mara. Akisema, "Kuanzia leo risiti iwe na jina la mvuvi," je, utafungua faili moja au manne? Ikiwa ni manne, umegawa vibaya, hata kama kila faili ni fupi na linapendeza. Tazama dukani kwenu. Mawe ya mizani yanakaa na mizani, hakuna aliyejenga rafu ya jiwe la nusu kilo na nyingine ya jiwe la kilo. SUB zinazotumika pamoja na kubadilika pamoja zikae faili moja.

Kwako wewe naona mafaili matatu yanatosha: duka.bas, hesabu.bas na risiti.bas. Madeni yakikua, yape la kwao. Na majina yawe ya kazi. Mimi nilipoanza nilikuwa na mpya.bas, mpya2.bas na mpyakabisa.bas. Siku moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuhifadhi, na uliporudi sikujua lipi ndilo lililokuwa jipya kweli. Nilikaa hadi alfajiri nikilinganisha mstari kwa mstari.

*Nimehamisha FUNCTION yangu kwenye faili jingine. Sasa kompaila inasema haiijui. Lakini ipo, naiona kwa macho yangu!* (Fundi simu, Mkunguni)

FUNCTION ni kama SUB, ila inarudisha jibu. Wewe unaiona kwa sababu umefungua madirisha yote mawili. Kompaila husoma faili moja moja, na ikiwa ndani ya duka.bas haikumbuki wala haijali kilichomo hesabu.bas. Inabidi uiambie mapema: kuna kitu kinaitwa hivi, kinapokea hiki, kinarudisha kile, mwili wake utaukuta baadaye. Hiyo ndiyo kazi ya DECLARE, na mahali pake ni faili dogo la tatu, ambalo kwa desturi huishia na .bi. Nitakuandikia lote, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama.

Faili hesabu.bi:

    Type Samaki
        jina As String
        kilo As Double
        bei As Double
    End Type

    Declare Function Thamani(s As Samaki) As Double

Faili hesabu.bas:

    #include once "hesabu.bi"

    Function Thamani(s As Samaki) As Double
        Return s.kilo * s.bei
    End Function

Faili duka.bas:

    #include once "hesabu.bi"

    Dim s As Samaki
    s.jina = "Changu"
    s.kilo = 4.5
    s.bei = 400
    Print s.jina, Thamani(s)

Halafu unaita kompaila hivi:

    fbc duka.bas hesabu.bas

Ukiendesha utapata Changu na 1800. Angalia mambo mawili. Kwanza, hesabu.bi limeitwa na pande zote mbili, hata na hesabu.bas lenye mwili wenyewe. Usione ni kazi bure: siku utakapobadilisha FUNCTION ukasahau kubadilisha DECLARE, kompaila itakukamata papo hapo. Pili, duka.bas limetangulia kwenye ule mstari wa fbc. Faili la kwanza ndilo kompaila inalolichukua kuwa kuu, programu inaanzia humo, na jina la programu iliyokamilika hutoka kwake. Katika mafaili mengine weka SUB na FUNCTION tu, usiache amri zikielea nje.

Ukisahau kuandika hesabu.bas kwenye mstari huo, malalamiko yatabadilika. Utaona "undefined reference to", na jina la FUNCTION yako mbele yake. Hapo kompaila imeshapita salama, anayelalamika ni yule anayeunganisha vipande mwishoni: ahadi ameiona, mwili hajaupata. Wanafunzi wangu wengi wakiona maneno hayo hurudi kuhangaika na DECLARE, na DECLARE haina kosa lolote.

*Mimi niliona hayo ya DECLARE ni usumbufu, nikaweka FUNCTION nzima ndani ya .bi na kuiita kila mahali. Sasa inaniambia "multiple definition".* (Msomaji, Mokowe)

Ndiyo, maana #include haina akili. Inachukua maandishi ya faili lile na kuyamwaga pale ulipoiita, basi. Ukiiita kwenye mafaili mawili, FUNCTION imezaliwa mara mbili, na wakati wa kuunganisha hakuna ajuaye ipi ndiyo yenyewe. Rudisha mwili kwenye .bas, ibakize ahadi tu kwenye .bi.

Utauliza: si kuna neno once? Once inazuia faili lisimwagwe mara mbili ndani ya .bas moja. Kwa mfano, risiti.bi linaita hesabu.bi, na duka.bas linayaita yote mawili: bila once, ile Type Samaki ingetangazwa mara mbili na kompaila ingekataa. Lakini duka.bas na risiti.bas zinakompailiwa kila moja kivyake, once haivuki kutoka huku kwenda kule.

*Nimetangaza bei ya barafu kwa Dim Shared ndani ya .bi ili mafaili yote yaione. Naijaza 50 kwenye faili kuu, risiti inasoma sifuri. Hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Nitapata wazimu.* (Msomaji wa kike, Shela)

Pole dada, hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halipigi kelele. Shared haina maana ya mafaili yote. Ina maana ya SUB zote za faili hilohilo. Kwa kuiweka kwenye .bi umeipa kila .bas bei yake ya barafu, makasha mawili yenye jina moja. Umejaza moja, umesoma la pili.

Dawa ni Extern. Kwenye .bi andika:

    Extern beiBarafu As Double

Kisha kwenye .bas moja tu, ichague mwenyewe, chini ya ule mstari wa #include:

    Dim Shared beiBarafu As Double

Sasa kasha ni moja na wote wanalijua. Ila kwa maoni yangu, ukiwa unaanza, afadhali umpe anayehitaji bei hiyo mkononi, kama kitu anachopokea kwenye mabano ya SUB. Vibadilika vya kuonekana na kila mtu ni kama baiskeli ya mtaa. Asubuhi huijui iko kwa nani.

*Nyumbani kwenye Windows inakubali. Nikienda nayo cyber, kompyuta zao ni za Linux, inasema faili halipo.* (Kijana wa Matondoni)

Bila shaka umeandika, kwa mfano, #include "Hesabu.bi" na faili linaitwa hesabu.bi. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, Linux inajali. Tumia ndogo kila mahali. Na kama una folda ndani ya folda, mkwaju uwe huu /, unakubalika kote.

*Natumia QB64. Nimeandika programu ya mifugo ya babu, nina faili linaitwa ng'ombe.bi lakini halifunguki. Pia nikiweka faili la SUB juu ya programu inakataa.* (Msomaji, Mpeketoni)

Umenichekesha na swali lako la kwanza, na kosa si lako, ni la BASIC kutojua Kiswahili. Katika QB64 unaita faili hivi:

    '$INCLUDE:'mifugo.bi'

Jina limefungwa kwa vile vialama vya juu. Ukiandika ng'ombe.bi, alama iliyo ndani ya ng'ombe inafunga jina mapema, na QB64 inabaki ikitafuta faili linaitwa ng. Hata ndani ya programu usiitumie: alama hiyo huanzisha maelezo ya pembeni, kwa hiyo ng'ombe = 12 husomwa ng peke yake na mengine yote yanatupwa. Andika ngombe, babu ataelewa. Halafu ile alama ya mwanzo kabisa, kabla ya $INCLUDE, usiifute ukidhani ni uchafu. Bila hiyo mstari haufanyi kazi.

La pili: QB64 inataka SUB na FUNCTION zikae chini, baada ya programu kuu. Kwa hiyo watu hutumia mafaili mawili. Lenye Type, Const na Dim Shared huishia .bi na huitwa juu. Lenye SUB huishia .bm na huitwa mstari wa mwisho kabisa. Hapa hakuna kukompaili vipande na kuviunganisha, yote humwagwa na kuwa programu moja ndefu, ndiyo maana Dim Shared moja inatosha. Yale niliyomwambia dada wa Shela hayakuhusu.

*Mwalimu, sisi wa zamani tulitumia GW-BASIC yenye namba za mistari, na mafaili tuliyachanganya bila hizo Extern zenu. Vijana wa leo mnajitafutia taabu. Diski zangu ninazo bado.* (Mzee mstaafu, Lamu)

Shikamoo mzee. Namba za mistari ni za tangu Kemeny na Kurtz walipoiwasha BASIC pale Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, na nazikumbuka. Lakini hata nyinyi taabu mlikuwa nayo. Faili la kuchanganywa mlilihifadhi kwa SAVE "RISITI",A, ndipo MERGE "RISITI" ikubali. Na mstari 100 wa faili linaloingia ulifuta mstari 100 uliokuwapo, kimyakimya. Ndiyo maana mtu mwangalifu alianza risiti zake 5000, akaziita kwa GOSUB 5000, na kuomba Mungu mwenzake asianze 5000 vilevile.

Umesema una diski zako bado. Zile ulizohifadhi bila ile A haziko katika maandishi ya kawaida, FreeBASIC haitazisoma hadi zifunguliwe kwanza kwa GW-BASIC na kuhifadhiwa upya. Zilete tu, na kama ile mashine yako ya zamani bado ipo, mpakie punda aje nayo, kwa maana kisomeo cha diski nilichokuwa nacho kilishaliwa na chumvi.