Siku Moja Yenye Tarehe Mbili: Maswali Yenu kuhusu Desemba 1941

Shambulio la ghafla la Japani katika Bahari ya Pasifiki limetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Leo tunajibu tano.

Swali: Vitabu vingine husema shambulio lilitokea tarehe 7 Desemba, vingine tarehe 8. Vipi visadikiwe?

Vyote. Mstari wa tarehe, yaani mpaka unaotenganisha siku moja na inayofuata, hupita katikati ya Pasifiki, kwa hiyo Hawaii ilipokuwa Jumapili asubuhi, Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) na Ufilipino walikwisha kuingia Jumatatu. Mombasa ilikuwa yapata saa tatu za usiku wa Jumapili.

Swali: Je, ni kweli kwamba yote yalianzia Pearl Harbor, bandari ya manowari za Marekani huko Hawaii?

Si kweli, ingawa jina hilo ndilo linalotangulia midomoni mwa watu. Zaidi ya saa moja kabla ya bomu la kwanza kuanguka Hawaii, wanajeshi wa Japani walikuwa wamekwisha kuanza kushuka ufukweni Kota Bharu, kaskazini-mashariki mwa Malaya ya Waingereza, huku askari wa Kihindi wakiwamiminia risasi gizani. Kabla siku haijaisha Singapore, Hong Kong na visiwa vya Guam na Wake vilikuwa vimeshambuliwa, na Thailand imevamiwa. Kwa maoni yangu, lengo hasa lilikuwa kusini: Marekani ilikuwa imeikatia Japani mafuta tangu katikati ya mwaka huo, na mafuta mengine yalikuwa katika visiwa vya Waholanzi, yaani Indonesia ya leo. Manowari za Hawaii zilipigwa ili zisije zikaizuia safari hiyo.

Swali: Nimesoma kwamba rada iliziona ndege za Japani mapema. Mbona hakuna aliyechukua hatua?

Rada ya Opana, kisiwani Oahu huko Hawaii, iliziona karibu saa nzima kabla. Askari wawili waliokuwa zamu walipiga simu, lakini ofisa aliyeipokea alidhani ni ndege za Marekani zilizotarajiwa kutoka California, akawaambia wasijali. Kosa hilo naweza kulielewa. Lisiloeleweka kwa urahisi ni la Ufilipino, ambako Jenerali Douglas MacArthur, kamanda wa majeshi ya Marekani huko, alipata habari za Hawaii kabla ya alfajiri, na bado uwanja wa ndege wa Clark uliposhambuliwa kupita adhuhuri, saa takriban tisa baadaye, ndege nyingi zilikutwa zimeegeshwa chini. Marubani wa Japani, waliocheleweshwa na ukungu wa Formosa (Taiwan ya leo), walikuwa wametarajia kumkuta adui akiwangoja angani.

Swali: Jeshi la majini la Marekani liliangamia?

Hapana. Watu 2,403 waliuawa Hawaii, 1,177 kati yao katika manowari Arizona pekee. Lakini manowari za kubeba ndege hazikuwapo bandarini, na matangi ya mafuta hayakuguswa.

Swali: Je, sisi wa Afrika Mashariki tuliguswa?

Sana, ila si siku hiyo. Singapore ilianguka Februari 1942, na baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi wa Aprili, Waingereza walihamishia manowari zao nyingi Kilindini. Vijana wetu wa K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) walipelekwa kupigana Burma (Myanmar ya leo). Ufilipino ulipotekwa, katani ya Manila ilikosekana, na mkonge wa Tanganyika ukatafutwa kwa udi na uvumba ili meli zipate kamba.