Ripoti ya wakulima inachelewa: hesabu maulizo kabla ya kununua seva

Ndugu, umesema orodha ya wakulima 400 wa zabibu wa ushirika wenu hapo Dodoma inafunguka kwa kusuasua kwenye Django, mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti. Seva mpya iache kwanza. Ndani ya kitanzi (loop) kinachopitia wakulima umeandika mkulima.kijiji.jina, kwa hiyo kila mzunguko unarudi kwenye kanzidata kuulizia kijiji: maulizo (queries) 401, moja la orodha na 400 ya vijiji, wakati moja lingetosha. Weka Mkulima.objects.select_related("kijiji"), majedwali ya wakulima na vijiji yaunganishwe kwa JOIN, yaani yasomwe pamoja katika ulizo moja.

Mauzo ni habari nyingine. Mkulima mmoja ana mauzo mengi, hivyo tumia prefetch_related("mauzo_set"). Inaongeza ulizo moja tu, kisha Python inapanga mauzo kwa kila mkulima wake. Wengi wanaharibu hapa: ukiita mkulima.mauzo_set.filter(...) ndani ya kitanzi, data iliyokwisha kuletwa inapuuzwa na maulizo yanarudi yaleyale. Chuja mapema, ndani ya Prefetch("mauzo_set", queryset=...).

Kuhakikisha, washa DEBUG (hali ya kutafuta makosa) kwenye mashine yako (si kwenye seva ya watumiaji!) kisha chapisha len(connection.queries), idadi ya maulizo yaliyotumwa. Yakibaki mawili, la wakulima na la mauzo, umemaliza.

Halafu hiyo bei uliyoiweka FloatField (namba ya desimali ya kukadiria), ihamishie DecimalField (desimali kamili), max_digits=12, decimal_places=2. Float haitunzi desimali sawasawa, na jumla za malipo zitakuja kugoma kulingana.