Boti lenye kibanda na stori za watu wa mtoni

SWALI: Mhariri habari, eti Marekani kuna msanii anazunguka mitoni na boti lenye kibanda juu, anarekodi stori za watu, ni kweli?

JIBU: Kweli kabisa ndugu yangu, ni Wes Modes, alianza 2014 mto Mississippi, boti kalijenga mwenyewe kwa mfano wa yale ya zamani waliyoishi maskini wa mtoni, na hicho kibanda kinasaidia sana maana watu wanasogea kulishangaa boti, stori zinaanza hapohapo. Ila mi nawapenda zaidi mtu na mkewe Harlan na Anna Hubbard, walijenga lao 1944 kando ya mto Ohio wakaachia maji yawabebe mpaka vijito vya kinamasi kule Louisiana, msimu wa kulima wanafunga kamba ukingoni wanapanda mboga, na Harlan akawa anaandika na kuchora maisha ya mtoni. Hawakuwa na haraka, ndo maana kazi yao imeiva vile.