Waya wa Shilingi Mia na Maneno Ishirini na Manne

Mwezi wa Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, nilihitaji kuuza sehemu ya akiba yangu ya sarafu za kidijitali ili nilipe karo ya watoto wawili. Akiba hiyo ilikuwa katika pochi ya kifaa, kile kidude kinachofanana na fleshi ambacho hutunza funguo za siri bila kuziruhusu zigusane na intaneti. Waya wake wa asili ulikuwa umepotea tulipohamia South B hapa Nairobi, kwa hiyo nilikuwa nimenunua mwingine kwa mchuuzi wa Luthuli Avenue kwa shilingi mia moja. Nilipouchomeka, kioo cha kifaa kiliwaka vizuri, lakini kompyuta haikukitambua. Leo najua kwamba nyaya nyingi za bei hiyo hupitisha umeme tu na hazipitishi data. Siku hiyo nilidhani kifaa kimekufa, nikafanya kosa lililonisukuma kuandika makala haya.

Nilitoa karatasi yenye maneno yangu 24 ya urejeshaji, yaani maneno ya siri yanayofufua pochi kifaa kikiharibika, nikafungua pochi ya programu kwenye simu, nikachagua kuingiza pochi iliyopo, kisha nikayaandika maneno yote moja baada ya jingine. USDT zangu, sarafu zinazofuata thamani ya dola, zilionekana papo hapo, lakini salio la Bitcoin lilisoma sufuri, na jasho jembamba likanitoka. Ilinichukua karibu saa nzima kuelewa kwamba maneno yaleyale huzaa anwani (kama nambari za akaunti za kupokelea) tofauti kulingana na njia ya ukokotoaji inayotumiwa na programu: kifaa changu kilikuwa kikitumia anwani zinazoanza kwa 3, ilhali programu ya simu ilikuwa ikitafuta zinazoanza kwa bc1 pekee. Sarafu zilikuwa palepale zilipokuwa siku zote. Programu ndiyo iliyokuwa ikibisha hodi kwenye mlango wa jirani. Niliuza USDT, mnunuzi akanitumia shilingi kwa M-Pesa, karo ikalipwa, nami nikajiona mjanja.

Wengi ninaozungumza nao hapa mjini huamini kwamba sarafu zimo ndani ya kifaa au ndani ya simu, na kwamba kuziondoa huku na kuzipeleka kule ni suala la kuandika maneno upande wa pili. Ukweli ni kwamba sarafu ni kumbukumbu zilizoandikwa kwenye blokucheni, daftari la pamoja la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi, na kilichomo ndani ya kifaa ni ufunguo tu. Yale maneno 12 au 24, yanayotoka katika orodha ya maneno 2,048 iliyowekwa kuwa kanuni mwaka 2013, ndiyo chanzo cha funguo zako zote. Kwa hiyo nilipoyaandika kwenye simu sikuhamisha chochote. Nilifanya kama mtu anayempelekea fundi wa River Road ufunguo wa kabati lake la chuma amchongee nakala, kisha nakala hiyo anaining'iniza dirishani mwa matatu. Tangu dakika ile kifaa changu cha maelfu ya shilingi kilikuwa na usalama uleule wa simu yangu, wala si zaidi. Kuhamisha kwa kweli ni kufanya muamala: pochi ya simu iwe na maneno yake mapya na anwani yake, na kifaa kiidhinishe kwa ufunguo wake kutuma kiasi unachotaka kwenye anwani hiyo.

Wiki tatu baadaye, nikiwa kwenye msongamano pale Ngara, mkono ulipenya dirishani na simu ikaenda. Nilifika nyumbani saa mbili usiku na kuanza kupekua droo zote. Mama watoto akaniuliza, "Baba Amani, si umeshafunga laini?" Nilikuwa nimeifunga, lakini kufunga laini huzuia M-Pesa na simu, hakugusi pochi ambayo funguo zake zimo ndani ya simu yenyewe. Simu ilikuwa na nambari ya siri, na huenda aliyeichukua alitaka kuuza kioo chake tu, ila sikuwa tayari kulala juu ya neno "huenda".

Tatizo la mtu mwenye kifaa kimoja ni kwamba maneno yakishavuja, hawezi kuzalisha mapya kwenye kifaa hichohicho na wakati huohuo akatuma kutoka kwenye yale ya zamani. Njia niliyoiona rahisi ni kituo cha muda. Nilichukua simu ya akiba, nikaifuta kabisa na kuirudisha katika hali ya kiwandani, nikaweka programu ya pochi kutoka kwenye duka rasmi, na kuiruhusu izalishe maneno yake yenyewe 12, ambayo niliyaandika kwenye karatasi kwa kalamu. Sikuyapiga picha, kwa kuwa picha hupanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Jirani aliniazima waya wa kweli, na kifaa kikatambuliwa mara moja, jambo lililonitia hasira kuliko wizi wenyewe.

Nilituma USDT kwanza na Ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum, mwisho. Mpangilio huo si wa hiari: tokeni kama USDT zilizoko kwenye mtandao wa Ethereum hulipiwa ada kwa Ether, kwa hiyo ukiondoa Ether yote mapema, tokeni zako zitakwama hadi utafute nyingine ya kulipia. Kwa kila sarafu nilitanguliza kiasi kidogo, nikasubiri kithibitishwe, ndipo nikatuma kilichobaki. Bitcoin huandika bloku moja, yaani fungu la miamala, kwa wastani wa dakika kumi, na usiku ule kila dakika ilikuwa na urefu wa maili.

Sarafu zote zilipokuwa kwenye simu, nilikifuta kifaa na kukifanya kizalishe maneno 24 mapya. Hapa ndipo ningemwomba msomaji atulie, kwa maana watu wengi huandika maneno na kutuma pesa papo hapo. Niliandika anwani ya kwanza ya kupokelea, nikakifuta kifaa tena kikiwa bado kitupu, nikakirejesha kwa kutumia karatasi pekee. Kilikataa. Neno la mwisho hubeba ndani yake hesabu ya ukaguzi, na hesabu haikulingana. Nilirudia kusoma mwandiko wangu polepole na kugundua kwamba mahali palipokuwa na neno "wool" nilikuwa nimesoma "wood". Herufi nne za kwanza hutosha kutofautisha kila neno katika orodha ile, na tofauti ya haya mawili ni hiyo ya nne tu. Niliandika upya kwa herufi kubwa, nikarejesha, anwani ikafanana na ile ya kwanza, ndipo nikaanza kurudisha akiba. Ada nililipa mara mbili, kwenda na kurudi, na sijawahi kuijutia.

Kuhusu anwani yenyewe, tumezoeshwa vibaya na M-Pesa, ambayo hutuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kutuma, na hata tukikosea tunaweza kupeleka ujumbe kwa 456 kuomba pesa zirudishwe. Kwenye blokucheni hakuna jina wala wa kuombwa. Anwani ya Bitcoin yenye herufi iliyokosewa kwa kawaida hukataliwa na programu, lakini virusi vinavyobadilisha ulichonakili huweka anwani nyingine iliyo halali kabisa, ya mwizi. Kwa sababu hiyo mimi husoma anwani kwenye kioo cha kifaa, si kwenye kompyuta, na huisoma yote, pamoja na herufi za katikati, kwani wapo matapeli wanaotengeneza anwani zinazofanana na yako mwanzoni na mwishoni, kisha wanakutumia senti chache ili anwani yao ikae kwenye historia yako uje kuinakili siku nyingine.

Sarafu moja kama USDT hupatikana kwenye mitandao kadhaa, kwa hiyo mtandao nao uangaliwe. Anwani ya mtandao wa Tron huanza kwa T na haichanganyiki kirahisi, lakini ile inayoanza kwa 0x ni ileile kwenye Ethereum, BNB Smart Chain na Polygon. Ukikosea mtandao kati ya pochi zako mwenyewe, ufunguo ni wako na kwa kawaida utaziona sarafu zako tena. Ukikosea ukituma kwenye soko la kubadilishana sarafu, utategemea hisani ya wenye soko. Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, lakini hiyo inahusu leseni na usimamizi wa kampuni; haitengui muamala uliokwisha kuthibitishwa.

Siku hizi pochi ya simu hubeba kiasi ambacho ningethubutu kuvuka nacho barabara ya Ronald Ngala jioni mfukoni mwa suruali, na vyote vingine hukaa kwenye kifaa. Karatasi ya maneno ya zamani sikuichoma. Niliikata mstari mwekundu na kuihifadhi, kwa sababu anwani za zamani bado ziko mikononi mwa watu waliowahi kunilipa, na mwezi uliopita mteja mmoja alituma malipo huko bila kuniuliza. Nilirejesha maneno hayo kwenye kifaa cha pili nilichonunua kwa kazi hiyo tu, nikayahamisha malipo usiku uleule, nikampa mteja anwani mpya. Waya wenye data nimeufunga kwa mpira pamoja na kifaa. Ule wa shilingi mia unachaji redio ya jikoni.