Tumegeuza skrini kwa ajili ya Kiarabu, mbona namba za simu zimevurugika?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Apu yetu ya Android tumeiongezea Kiarabu, na Kiajemi kinafuata. Tuligeuza skrini nzima, kulia ikawa kushoto, tukaona iko poa, sasa watumiaji wanalalamika: ile + ya namba ya simu imehamia upande wa kulia, na kitufe cha kucheza video kinaangalia nyuma. Shida iko wapi?

JIBU: Shida ni hiyo ya kugeuza kila kitu. Vinavyogeuka ni vile vinavyofuata usomaji, yaani menyu, mshale wa kurudi, kurasa za kutelezesha kwa kidole. Kitufe cha kucheza video hakiguswi, maana kinaonyesha video inakoenda, sio maandishi yanakoenda. Nembo nayo iacheni, na ikoni ya saa pia, kwani msomaji wa Kiarabu saa yake inazunguka kinyumenyume?

Namba ndo penye utamu. Tarakimu zinasomwa kushoto kwenda kulia hata katikati ya sentensi ya Kiarabu, ila + na nafasi tupu hazina mwelekeo wake, zinafuata wa sentensi, kwa hiyo + inakimbilia kulia na kama mmeacha nafasi kati ya mafungu ya tarakimu basi mafungu yenyewe yanabadilishana viti, mtu akiisoma hivyo anapiga kwa mtu mwingine kabisa. Dawa ni kuifunga namba kwa herufi mbili zisizoonekana za Unicode (ule utaratibu unaoipa kila herufi namba yake), U+2066 mwanzoni na U+2069 mwishoni. Fanyeni wakati wa kuonyesha tu, msizihifadhi kwenye databesi, zitawasumbua kwenye kutafuta.

Kwenye mpangilio, acheni kugeuza kwa mkono. Toka Android 4.2 ya 2012 mfumo unajigeuza wenyewe, nyie wekeni supportsRtl (Rtl ni kulia kwenda kushoto) kwenye manifesti, lile faili la maelezo ya apu, halafu kila penye left na right muandike start na end, yaani mwanzo na mwisho wa usomaji. Inachosha kwenye apu ya zamani, najua.

Kujaribu, kwenye mipangilio ya wasanidi kuna swichi ya kulazimisha skrini iende kulia kwenda kushoto bila hata kubadili lugha. Swichi hiyo lakini haiwaonyeshi herufi, na kama dizaina wenu aliachanisha herufi ili kichwa cha habari kipendeze, Kiarabu kitakatika vipandevipande kwa sababu herufi zake zinashikana. Huko kuachanisha kuondoeni kabisa, alafu mumpe apu mtu anayekisoma Kiarabu kila siku aichezee kabla Kiajemi hakijaingia.