Swali la lugha: Meza imepachikwa, au uso wake?

SWALI: Natafsiri orodha ya samani zinazouzwa mnadani. Kuna meza moja nimeiandika hivi: "Meza kuukuu ya mbao ya Kiitalia yenye marumaru iliyopachikwa juu." Mwenzangu anasema haieleweki. Kasoro iko wapi?

JIBU: Mwenzako ana haki, na kasoro kubwa imo kwenye "marumaru iliyopachikwa". Ulivyoandika, kilichopachikwa ni marumaru yenyewe. Msomaji ataona meza yenye uso wa mbao uliotobolewa, vipande vya marumaru vikatiwa humo. Kama ndivyo ilivyo, andika "uso wa mbao uliopachikwa marumaru". Lakini meza nyingi za Italia za aina hii ni kinyume chake: miguu na fremu ni ya mbao, uso ni bamba la marumaru, na ndani ya marumaru hiyo ndimo yalimotiwa mawe mengine ya rangi. Hapo sema "uso wa marumaru uliopachikwa mawe ya rangi". Itazame picha kabla ya kuchagua, maana hizi ni meza mbili tofauti.

Kitenzi "kupachika" umekipata sawasawa. Usishawishike kuandika "kuchonga nakshi". Kazi hii ya kupachika mawe ilisitawi sana Florence, mji wa Italia, ambako mtawala wake, Ferdinando I wa ukoo wa Medici, alianzisha karakana ya kazi hiyo mwaka 1588. Taasisi iliyotokana nayo, Opificio delle Pietre Dure, ipo mpaka leo. Fundi alikata akiki, yaspi na mawe mengine kwa msumeno wa upinde wenye waya, huku akitia unga wa kusagia uliolowa maji, kisha akavikutanisha vipande hivyo hadi kiungo kisionekane kwa urahisi. Pambo la ua unaloliona kwenye meza kama hizi halikuchongwa. Limeungwa kipande kwa kipande. Ni kitenzi hichohicho tungekitumia kwa mifupa na pembe za ndovu zilizopachikwa kwenye viti vya enzi vya Lamu.

"Kuukuu" iondoe kabisa. Nguo kuukuu ni iliyochakaa, na hakuna atakayepanda dau kwa meza iliyochakaa. Sema "ya kale", na uiweke karibu na "meza". Ukiandika "meza ya mbao za kale", umesema mbao ndizo za kale, hata kama seremala aliiunda wiki jana.

"Ya Kiitalia" nayo inayumba. Yaweza kuwa mtindo tu, na meza ikawa imeundwa kwingine. Tena "meza" na "marumaru" zote huchukua "ya", kwa hiyo ukiisogeza hadi mwisho wa sentensi, jiwe ndilo litakuwa la Italia. "Iliyotengenezwa Italia" haina utata, ili mradi una hakika ilitengenezwa huko.

Mimi ningeandika: "Meza ya kale ya mbao, iliyotengenezwa Italia, yenye uso wa jiwe la marumaru uliopachikwa vipande vya mawe ya rangi."

Nimeongeza "jiwe la" kwa makusudi. Tanzania siku hizi "marumaru" ni pia vigae vya sakafuni vya dukani, na mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kudhani meza imebandikwa vigae.