Maswali ya Piki: "Nataka kupanda mawe na Boxer yangu, nianzie wapi?"

Toleo lililopita nliandika mistari michache tu kuhusu trayali, ule mchezo wa kupitisha piki polepole juu ya mawe na magogo bila kuweka mguu chini, na maswali yamekuja kutoka Likoni mpaka Mtwapa. Kwa hivo leo safu yote ni ya trayali. Maswali ya kabureta na betri yatangoja kidogo, wenyewe mniwie radhi.

*Mimi ni mwanaboda, nina miaka 26, Boxer 150 ni yangu mwenyewe nimemaliza kuilipa. Nliona kwa simu jamaa anapanda jiwe refu kumshinda na piki haina hata kiti, tangu siku hiyo silali. Je lazima ninunue piki kama ile ndo nianze? Na nianzie wapi?*
Mwanaboda, Mikindani

Kakangu, usisubiri. Piki ile imetengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Ina kilo 70 hivi na Boxer yako imepita 100, gia yake ya kwanza ni nzito yaani yatambaa kama kobe na haizimi, tairi ya nyuma ni laini na haina tyubu ndani. Wanaozitengeneza ni kina Montesa, Beta, Sherco na GasGas, na ikiwa mpya kule Ulaya ni zaidi ya euro 5,000, hapo hujalipa meli wala ushuru pale Kilindini. Ukisema mpaka niipate hiyo ndo nianze basi utakaa miaka. Na anayeanza haihitaji, cha kwanza anachohitaji ni kujua kusimama.

Kusimama nna maana hii. Tafuta uwanja mtupu, tambarare, panga mawe madogo duara, halafu zunguka ndani ya duara hiyo kwa gia ya kwanza umesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjika kidogo, matako hayagusi kiti, kidole kimoja kwa klachi na kimoja kwa breki ya mbele, vilivobaki vimeshika hendeli. Macho yaende pale unapotaka kufika, si kwa tairi, manake ukilikodolea jiwe utaligonga jiwe hilo hilo. Kisha kona. Barabarani ukiwa na mwendo wewe na piki mwalala pamoja, huku mwendo haupo kwa hivo piki ndo inalala na wewe mwili wako unabaki upande wa pili, uzito wote kwa mguu wa nje. Siku za kwanza utahisi waanguka. Endelea tu, kulia mara kumi, kushoto mara kumi, na ule upande unaokushinda upe muda zaidi. Kila siku ukipunguza duara hatua moja, baada ya mwezi utajishangaa, na hata kwa kazi yako ya abiria utaona tofauti, foleni ya Kongowea utaipita miguu haishuki.

Klachi sasa. Klachi ndo roho ya mchezo huu na ndo kitu sisi watu wa barabara hatukijui, sisi twabana, twaingiza gia, twaachia, basi. Kwa trayali klachi haiachiwi yote. Unaishikilia pale inapoanza kuuma, resi iko imara juu kidogo, halafu mwendo unautia na kuutoa kwa kile kidole kimoja. Ukifika kwa jiwe tairi ya mbele ikagusa, unaachia kidogo na resi kidogo, mbele inanyanyuka, ikishapanda unabana tena na kuinama mbele ili nyuma ije yenyewe. Anza na jiwe la kimo cha tofali moja lililolala. Usiruke. Klachi ya Boxer yaogelea ndani ya oili kwa hivo itakuvumilia, ila injini yapozwa na upepo na huku upepo wa mwendo hakuna, kwa hivo kila dakika kumi zima, upoe nayo ipoe, na oili uibadilishe mapema kuliko ulivozoea.

Kuna vitu vya kubadilisha na havina gharama kubwa. Spoketi ya mbele (lile gurudumu la meno linalovuta cheni) weka yenye jino moja pungufu, hilo moja la mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, piki itatulia kwa mwendo wa chini. Vipini vya klachi na breki vizungushe viangalie chini kidogo, ukiwa umesimama mkono unyooke. Vioo, keria na vile vyuma vya pembeni vya kuzuia mguu vitoe siku ya mazoezi manake vyanasa kwa mawe (lakini kabla ya kurudi barabarani vioo virudi). Tairi punguza upepo ila tyubu isikudanganye. Mimi nshawahi kushusha mpaka psi 8 kwa sababu nlisoma wenye piki za trayali hushuka mpaka 5, sikufikiria kwamba zao hazina tyubu nyuma. Kwenye mawe kule Jomvu tairi ikajizungusha juu ya rimu ikakata mdomo wa tyubu na nlisukuma piki mpaka barabara kuu jua la saa saba. Tangu hapo sishuki chini ya 15, na pampu ya mguu naibeba kila mara nijaze kabla ya kuingia lami, hili la kujaza usilisahau kabisa, tairi laini kwa mwendo wa barabara ni hatari.

La mwisho, na hili nakuomba kama ndugu yako: mwambie fundi wa umeme akuwekee swichi ya kuzimia yenye kamba, unaifunga mkononi, ukianguka inachomoka na injini inazima. Kwa mashindano ya dunia ni lazima na hakuna anayebishana nayo. Piki ikikulalia huku yapiga resi, ile cheni na tairi vyakata nyama.

*Hapa steji tumebishana mpaka watu wakanuniana. Mwenzangu asema anayemaliza haraka ndo mshindi, mimi nasema sivo. Tuamulie.*
Steji ya Likoni, karibu na feri

Wewe ndo uko sawa, ila usimcheke mwenzio, sisi tumekulia Safari Rally, tangu 1953 tunajua mashindano ni vumbi na mbio. Trayali ni kinyume. Uwanja hugawanywa vipande, kila kipande chaitwa seksheni, kina mwanzo na mwisho na mipaka ya alama pande zote mbili, na kila seksheni ina mwangalizi wake amesimama na kadi. Ukipita mguu haujagusa chini umepita safi, sifuri. Ukigusa mara moja ni pointi 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi ni 3, hata ukigusa mara saba ni hizo hizo 3. Ukianguka, ukitoka nje ya alama, au injini ikizima na mguu uko chini, hiyo ni 5. Mwenye pointi chache ndo mshindi. Kuna muda wa kumaliza siku nzima, hapana kulala, lakini hakuna anayekukimbiza.

Kabla ya kuingia mwaruhusiwa kuitembea seksheni kwa miguu, na hapa ndo wengi wanaoanza hukosea, huangalia jiwe kubwa peke yake. Angalia unatokaje. Jiwe kubwa waeza ulipande vizuri halafu mbele yake kuna kona ya kubana huna nafasi, 5 zako hizo. Tembea mpaka mwisho, urudi, uamue tairi ya mbele itapita wapi na ya nyuma itapita wapi, manake hazipiti pamoja.

Mchezo wenyewe ni wa zamani, Waingereza ndo waliuanza, na kule Scotland kuna mashindano ya siku sita mjini Fort William yaliyoanza kabla ya vita vya kwanza vya dunia na mpaka leo yapo. Ubingwa wa dunia ulianza 1975. Mspania Toni Bou tangu 2007 amekuwa akiuchukua mwaka baada ya mwaka, na sijui mchezo mwingine wa piki wenye mtu kama yeye. Mtazameni mkiwa hapo steji lakini msimtazame akiruka, mtazameni kidole chake cha klachi.

Na mkitaka kumaliza huo ubishi sawasawa, fanyeni yenu. Piki nne zatosha. Seksheni tano, kamba ya katani na vijiti, anayepumzika ndo mwangalizi, kila mtu azunguke mara tatu, kadi ni karatasi ya daftari. Wekeni njia mbili kwa kila seksheni, rahisi na ngumu, aliyeanza juzi apate raha na yule mzoefu apate kazi. Klabu ndogo ndogo za Ulaya zafanya hivo hivo kila wikendi, na wengi wa wale mabingwa walitokea huko.

*Mimi na wenzangu watatu twakaa Kisauni, twataka pahali pa mazoezi. Mmoja asema twende pwani kwa mchanga, mwingine asema machimboni.*
Vijana wanne, Kisauni

Mchangani hapana. Mchanga hauna cha kupanda, utachimba shimo na tairi tu, na chumvi itakula cheni na rimu mpaka mjute, halafu kuna watoto wanacheza na watu wamelala. Machimbo ndo penyewe. Pwani yetu Mungu ametupa mawe ya matumbawe kila mahali, pale walipokata mawe ya kujengea hubaki ngazi za kila kimo, kuanzia kifundo cha mguu mpaka kifua, kama mtu alikusudia kuwatengenezea seksheni. Jiwe lenyewe likiwa kavu lashika tairi vizuri sana. Ubaya wake ni makali, lakata mpira na lakata ngozi, kwa hivo glavu, suruali nzito, viatu vinavofunika kifundo, na helmeti hata kama mwenda mwendo wa kobe. Masika yakiingia jiwe hilo hilo laota ukungu wa kijani na lateleza kama sabuni, miezi hiyo rudini kwa duara zenu uwanjani.

Lakini machimbo yana mwenyewe, hata yakiwa yameachwa. Muulizeni, na mzee wa mtaa apewe salamu kabla hamjawasha piki, si baada ya watu kulalamika kelele. Shamba la mtu hapana. Kaya hapana kabisa, hata ile njia ya pembeni, ni misitu mitakatifu ya Wamijikenda na tangu 2008 iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, na hata isingekuwa hapo heshima ni heshima. Mikoko pia muiache. Na mjue machimbo yaeza kugeuka kuwa kitu kingine, Haller Park pale Bamburi ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, walianza kupanda miti 1971 na leo kuna viboko na twiga, kwa hivo mkiona mtu ameanza kupanda miche pahali mnapochezea, hameni bila maneno.

Nendeni saa kumi na mbili asubuhi mrudi saa tatu. Maji lita mbili kila mtu. Asiende mtu peke yake, hata siku moja, na mmoja wenu asome huduma ya kwanza.

*Bintiyangu ana miaka 13 na amesikia kakake akisoma safu yako. Sasa ataka na yeye. Babake asema piki si mchezo wa msichana. Naomba ushauri.*
Mama, Bamburi

Dadangu, mpe salamu mzee nyumbani na umwambie, kwa heshima, kwamba Laia Sanz wa Uhispania alichukua ubingwa wa dunia wa wanawake mwaka 2000 hajafika hata miaka 15, akaendelea mpaka akapita mataji 10. Mchezo huu hautaki mabavu, wataka mizani na subira, na wasichana wengi wana subira kuliko kaka zao.

Ila kwa miaka 13 barabarani haruhusiwi na piki kubwa itamlemea, kwa hivo usimuweke juu ya Boxer ya mtu. Mwanzishe na baiskeli. Kiti kishushwe mpaka chini, asimame, azunguke mawe uani, apande ubao uliolazwa juu ya matofali mawili, ajaribu kusimama tuli bila kuweka mguu, sekunde tatu, tano, kumi. Hayo yote ni trayali, tofauti ni injini tu. Huko nje watoto hutumia vipiki vya umeme vidogo, na mkijaaliwa siku moja ni vizuri, havina kelele wala bomba la moto la kumchoma mguu. Kwa sasa baiskeli, helmeti na glavu, na kaka akae karibu asimamie. Umwambie babake atoke nje jioni ahesabu zile sekunde.

*Nina miaka 52, mgongo wauma kidogo, nilikuwa na Yamaha ujanani. Nimechelewa?*
Mzee wa Mji wa Kale

Hapana, ami. Kule Ulaya wapo wanaocheza wakiwa na 60 na zaidi, wana daraja lao na njia zao nyepesi. Kuhusu mgongo muulize daktari kwanza, kisha inua hendeli juu kidogo ili usiiname, na dakika ishirini zatosha kwa siku. Hao vijana wanne wa Kisauni watahitaji mwangalizi mwenye macho makali na asiyependelea mtu, anza nao hapo.